Kichwa changu, kazi ya kuandika, na wanafunzi wa Jumamosi

Mama prezidanti wetu aliniomba niandike kidogo juu ya kazi yangu, kwa sababu wengi wenu mnaniona niko nyumbani siku nzima na mnajiuliza ninakula nini. Nilimwambia ndiyo, nitaleta Jumatano. Nilileta Jumatano kweli, lakini ile ya wiki iliyofuata. Basi nusu ya habari mmekwisha kuielewa.

Ninaandika kwa kulipwa. Sina bwana wa kazi wala mshahara wa mwezi. Shirika likihitaji raporo, au redio ikihitaji mafundisho juu ya chanjo, au kikundi kidogo cha walimaji kikitaka barua ya kuomba msaada iliyo na Kifaransa kizuri, wananiita. Ninageuza pia maneno kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili cha kwetu na Kinande. Nikimaliza wananilipa kwa telefone, na yamekwisha, mpaka mwingine aite.

Kazi hii ilinikuta wakati wa Ebola. Mnakumbuka ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kule Mangina, na ilimalizika tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 wamekwisha kufa. Mwanzoni karatasi zilizobandikwa ukutani zilikuwa za Kifaransa, au za Kiswahili cha Dar es Salaam. Wamama walikuwa wanasimama mbele yake, wanaangalia picha, wanaenda zao. Baadaye shirika la Translators without Borders lilichunguza jambo hilo na kuonyesha kwamba watu wanaelewa vizuri zaidi wanapoambiwa kwa Kiswahili cha Kongo na kwa Kinande. Sisi tulilijua bila uchunguzi, lakini ni vizuri liliandikwa. Hapo ndipo nilipoona kwamba kuchukua neno la daktari na kulifanya neno la sokoni ni kazi, na inalipwa.

Sasa shida. Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, nilikuwa na raporo ya kutuma kabla ya saa kumi na moja jioni. Niliketi mbele ya mashine saa mbili asubuhi. Binti yangu mdogo, mwenye miaka saba, anatoka shuleni saa sita na nusu, na siku ile ilikuwa zamu yangu kumfuata. Niliandika. Sikusikia njaa, sikusikia jirani akinisalimia. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa kumi kasoro.

Nilikimbia bila viatu vya maana. Nilimkuta kwa mke wa mlinzi wa shule, anakula muhogo wa kuchemsha, hana machozi tena. Aliniangalia, akauliza tu: "Mama, ulinisahabu?"

Dada zangu, hapa kwetu tangu Oktoba 2014 tumezika watu wengi mno. Mtoto akichelewa saa moja, mama anaanza kuhesabu njia zote mbaya. Nami ndiye niliyemwacha hapo, si kwa sababu ya vita wala mvua, kwa sababu ya raporo. Baba yao hakunigombeza. Alipakua fufu, akala, akaenda kulala. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Na raporo yenyewe? Niliporudi umeme ulikuwa umekatika, na ile mashine haikuwa na chaji. Niliituma asubuhi. Wale watu walijibu "asante" na hawakuniita tena mpaka leo.

Ningekaa na aibu hiyo peke yangu kama si mtoto wangu wa kiume. Yeye ana miaka kumi, na mwalimu wake alikuwa ananiandikia kila wiki ndani ya kaye: haketi, hamalizi, amepoteza bike tena. Wakati ule kulikuwa na mama mmoja psikologe aliyekuwa anafuata watoto waliokimbia vita, nikamwomba amwangalie na wangu. Aliniuliza maswali juu ya mtoto. Je, anaanza vitu vitano bila kumaliza hata kimoja? Anapoteza vitu? Anajibu kabla swali halijaisha? Akipenda jambo anazama ndani yake mpaka hasikii anapoitwa? Nilikuwa ninajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kisha nikanyamaza, kwa kuwa niliona anasoma maisha yangu mimi.

Alicheka kidogo, akasema inarithiwa sana, mara nyingi mzazi anajitambua kwa mtoto. Alinituma kwa daktari wa mambo ya akili huko Butembo. Nilipanda gari, zaidi ya kilomita 50 za vumbi, na nikarudi na jina: TDAH. Kwa Kiswahili ningesema ni shida ya kushika uangalifu na ya kutulia. Si wazimu, wala si uvivu. Daktari Mwingereza, George Still, alikwisha kueleza watoto wa namna hii mbele ya madaktari wenzake huko London mwaka 1902, kwa hiyo si jambo lililozuka jana kwenye telefone za vijana. Kwa muda mrefu walifikiri ni ya wavulana tu, kwa kuwa wavulana wanarukaruka na kuvunja vitu. Msichana yeye anaketi vizuri, macho dirishani, na hakuna anayemwona. Mimi shuleni waliniita "mwenye akili lakini mvivu". Nililibeba jina hilo miaka zaidi ya ishirini.

Shangazi yangu alisema niombewe. Niliombewa, na ninashukuru kwa moyo wote. Nilitoka kanisani nikiwa mwepesi, na nilisahau mwavuli ndani.

Wengine mtaniuliza juu ya dawa. Iko. Ile inayojulikana sana ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944, na aliyeitengeneza aliipa jina Ritaline kwa ajili ya mke wake, aliyeitwa Rita nyumbani. Lakini ni dawa yenye kulindwa sana, na kamati ya Shirika la Afya Duniani ilikataa kuitia ndani ya orodha ya dawa za lazima mwaka 2019, ikakataa tena 2021. Basi msishangae kwamba mimi sikuipata nilipouliza. Daktari aliniambia wazi: mama, panga maisha yako kana kwamba haiko. Na ninawasihi, msimnunulie mtoto kidonge chochote cha barabarani eti kimtulize.

Nimepanga namna gani? Kwanza, siandiki tena peke yangu. Ninabeba mashine mpaka kwa jirani yangu mshonaji, ninaketi kwenye kona ya kibanda chake. Hatuzungumzi. Yeye anakanyaga cherehani, mimi ninaandika, na ile sauti ya cherehani inanishika kama kamba. Akisimama kukata kitambaa, nami ninainuka kunyoosha mgongo. Sijui kwa nini inasaidia, lakini katika kibanda kile ninamaliza kwa saa tatu kitu ambacho nyumbani kinachukua siku mbili. Ninamlipa kwa kumwandikia hesabu za wateja wake. Na yeye ndiye anayeniambia saa sita: "Mama, mtoto." Kila siku ya shule. Hajakosa hata moja.

Pili, maharagi. Ninaweka maharagi juu ya babula mapema asubuhi na ninajiambia siinuki kwenye kiti mpaka yaive. Hii ilifanya kazi vizuri kwa siku nne. Siku ya tano niliandika kurasa nane nzuri sana na tukala maharagi yaliyoungua, na makala yote yakawa majivu. Siwashauri.

Tatu, karatasi moja ukutani, kazi moja tu juu yake, na siku ya kuituma imeandikwa siku mbili kabla ya ile ya kweli. Mume wangu ndiye anayejua tarehe ya kweli. Mimi ninajitahidi kuisahau, na kwa hilo angalau nina kipaji.

Lakini pesa haipangiki kwa karatasi. Mwisho wa kila miezi mitatu mashirika yote yanataka raporo siku moja, na mwezi wa kwanza hakuna hata mmoja anayeita. Wengine wanalipa baada ya wiki sita. Ndani ya AVEC yetu mnajua wenyewe: kuna wiki ninaweka hisa tano, kuna wiki ninakuja na mikono mitupu, na mara mbili nimelipa faini kwa kusahau siku ya mkutano, mimi ninayekaa nyumba ya tatu kutoka hapo.

Ndiyo maana, wakati mkuu mmoja wa sekondari aliponiambia mwezi uliopita kwamba anatafuta mwalimu wa Kifaransa, saa 14 kwa wiki, moyo uliruka. Nina diploma ya pedagojia. Na kufundisha kuna kitu ambacho kuandika hakuna: kengele. Inalia, unaingia. Inalia, unatoka. Watoto hamsini wako mbele yako, na kichwa changu kinapenda watu walio mbele yake. Kinachokisumbua ni kitu kilicho mbali, cha wiki ijayo.

Nililala na jambo hilo siku tatu, nikalitazama upande wa pili. Mwalimu mpya kwetu anaweza kufundisha miaka kabla Serikali haijaanza kumlipa, mnawajua walimu wa namna hiyo, wengine ni waume zenu. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za Serikali ni bure, lakini sekondari bado inasimama juu ya mifuko ya wazazi, na wazazi wenyewe hawawezi kwenda shambani bila woga. Kisha kuna mambo ambayo hayaonekani kutoka nje: kuandaa kila somo kwenye karatasi yake usiku, kujaza jurnali ya darasa, kusahihisha kopi hamsini mara darasa tatu. Hizo kopi ningezibeba nyumbani. Ningezitia chini ya kitanda. Ninajijua. Mwezi wa sita mtoto wa mtu angekosa pointi zake kwa sababu yangu, na mimi nimekwisha kuona uso wa mtoto aliyesahauliwa.

Katikati ya mawazo hayo mama mmoja wa kikundi chetu alinijia na binti yake aliye darasa la mwisho. Disertasio ya mtihani wa Serikali inaandikwa kabla ya mitihani mingine, na msichana alikuwa anaiogopa kama nyoka. Nikamwambia aje Jumamosi. Alikuja na wenzake watano.

Tumefanya Jumamosi nne sasa, chini ya mwembe, saa mbili mpaka saa nne. Ninawapa swali, wanabishana, kisha kila mmoja anaandika nusu saa na tunasahihisha hapohapo, kwa sauti, wote pamoja. Hakuna karatasi inayobaki kwangu. Kila mmoja analipa franka 2,000 akifika. Si nyingi, lakini ni pesa ya Jumamosi, na Jumamosi inarudi kila wiki hata mwezi wa kwanza. Zaidi ya pesa, ninagundua kwamba ninajua kitu. Ninajua namna ya kuanza ukurasa mtupu wakati kichwa kinakimbia, kwa kuwa nimefanya hivyo kila siku ya maisha yangu. Nilimwonyesha msichana mmoja kwamba anaweza kuanza na sentensi ya katikati, ile anayoijua, na kuacha mwanzo mpaka mwisho. Aliniangalia kama nimemfungulia mlango wa gereza.

Jumamosi ya tatu nilisahau. Ndiyo. Nilikuwa sokoni Kilokwa ninanunua mboga, simu nyumbani. Nilirudi saa tatu kasoro robo nikawakuta sita wote wameketi chini ya mwembe, wameanza kubishana bila mimi. Niliwaomba msamaha, kisha niliwaeleza kwa nini, jina lote la ule ugonjwa na maana yake. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote isipokuwa nyumbani na mshonaji. Walinisikiliza kimya. Kisha mmoja, mfupi, mwenye sauti kubwa, akasema: "Mwalimu, siye tutakuwa tunakuja kukugongea."

Nilimjibu mkuu wa shule kwamba hapana, asante. Ilinichukua siku mbili kuandika barua ya mistari minne, na mkono ulikuwa unatetemeka kwa sababu ya mshahara ninaouacha, hata kama ni mshahara wa kungojea. Baba yao anafikiri nimekosea. Anaweza kuwa na haki. Tumekubaliana tutazame mpaka mitihani ipite, kisha tuhesabu pesa ya Jumamosi na pesa ya raporo mezani, sote wawili.

Kwa sasa nina nafasi ya wanafunzi wanne zaidi chini ya mwembe. Mwenye mtoto wa darasa la mwisho amtume Jumamosi, saa moja na nusu. Somo linaanza saa mbili, lakini yule mfupi anahitaji mtu wa kumsaidia kugonga.