Kobe na Ua Wake

Mtu atakaye kufuga mbuzi hujenga zizi kabla ya kumleta nyumbani, na mwenye kufuga kuku huanza na kibanda. Lakini kobe, kwa kuwa akiwa mdogo huenea katika kiganja cha mtoto, huletwa bila shauri lo lote. Hutiwa ndani ya beseni kuukuu, watoto humchezea siku tatu, nao wazazi husema: "Mwacheni, huyu hana taabu." Neno hilo ni la haraka, nasi twataka kueleza sababu.

Jirani yetu mmoja hapa Lubumbashi, mzee aliyestaafu kazi ya reli, alikuwa na kobe wa madoa, wa aina ikaayo katika nyika za Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Rafiki yake alimpa zamani, naye wakati huo hakupita urefu wa kidole. Mzee alipougua alituita, akasema: "Mwalimu, wanangu wamekwisha kupatana juu ya viti na vitanda, lakini kobe hakuna amtakaye. Mmoja asema auzwe, mwingine asema aliwe. Mchukue wewe." Tulikubali. Mwezi ule ule tulimzika mzee, na kobe akaja kwetu, mwenye urefu wa sentimeta 45 na uzito wa kilo 18.

Ukingoni mwa gamba lake palikuwa na tundu la kamba. Wengi hufanya vile: mnyama akivunja kisanduku chake, humtoboa na kumfunga mtini. Hudhani gamba ni kama nguo au kama kiatu. Sivyo. Gamba la kobe ni mfupa, limeungana na mbavu na uti wa mgongo, lina damu, na kobe husikia maumivu ndani yake. Wala halivui apate jingine. Hukua pamoja naye tangu kuzaliwa hata kufa. Basi, ikiwa nyumba aliyopewa na maumbile hukua naye, yafaa nyumba tumpayo sisi isiwe ndogo kuliko mwili atakaokuwa nao kesho.

Kwanza tulishauriana juu ya mahali. Mama wa watoto alisikitikia matuta yake ya lengalenga, na haki yake ilikuwa kusikitika. Mwishowe alikubali kuyahamisha, tukapata uwanja wa hatua kumi kwa nane, wenye majani ya kula na mti wa kivuli. Kisha ukawa ukuta. Ua wa fito au wa waya haufai, maana kobe aonapo mwanga upande wa pili husukuma kwa kichwa na mabega kutwa nzima, mpaka fito zivunjike au yeye aumie. Lakini asipoona kitu ng'ambo, hugeuka akaenda zake. Kwa hiyo ukuta wa matofali, ujapokuwa mfupi wa sentimeta 60, hushinda ua mrefu wenye nafasi. Tuliondoa pia mawe na magogo karibu na ukuta, kwa kuwa kobe hupanda. Naye akianguka chali penye jua kali, asipate wa kumgeuza, aweza kufa.

Kibanda chake tulikiinua juu ya udongo ulioshindiliwa, maji ya mvua yasiingie. Mlango una upana mara mbili ya gamba lake, na ndani mna nyasi kavu nyingi. Katika mwezi wa sita na wa saba usiku wa huku kwetu ni wa baridi kali, na baridi ikiungana na unyevu humletea kobe ugonjwa wa mapafu. Karai la maji ni pana na la kina kifupi, aweze kuingia na kutoka mwenyewe.

Yafaa vilevile kujua kabila la kobe. Yule wa nchi za Sahel, dume lake laweza kupita kilo 80, naye huchimba handaki refu. Ukuta usio na msingi ulioshuka chini sana kwake ni bure. Tena ukuta si wa kumzuia kobe peke yake. Katika kisiwa cha Changuu, karibu na Unguja, wako kobe wakubwa wenye asili ya Ushelisheli, walioletwa kwanza mwaka 1919. Walizaana wakawa wengi, lakini wezi wakawaiba, hata katika miaka ya 1990 wakabaki wachache mno, ndipo wakajengewa ua imara. Kobe hawezi kumkimbia mwizi. Ulinzi wake wote ni mfugaji wake.

Lakini tofali gumu kuliko yote ni miaka. Kisiwani Saint Helena yuko kobe aitwaye Jonathan, aliyepelekwa huko mwaka 1882 akiwa amekwisha kukomaa; wote waliompokea wamekufa zamani. Kobe wetu wa madoa naye aweza kuishi miaka mingi kuliko sisi. Kwa sababu hiyo tumewakusanya watoto, tukauliza waziwazi nani atamtunza baadaye. Binti yetu wa pili amejibu, nalo jina lake tumeliandika pamoja na mambo mengine ya urithi.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa kobe, ukuta na uje kwanza. Mtoto wako akiokota kobe porini, mwambie amrudishe palepale alipomkuta. Na ukipewa mmoja asiyeweza kurudi, usipime beseni. Pima uwanja, kisha uliza ni nani atakayemfungulia mlango baada ya miaka 40.