Kisiwa Ambacho Hakikununuliwa

Katika kiangazi cha mwaka 1967 walikuwa wachache mno duniani waliojulikana kama vijana wanne wa Liverpool walioitwa Beatles: John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr. Tarehe 25 Juni walikuwa wameimba juu ya mapenzi katika televisheni, na nchi nyingi zikawatazama kwa wakati mmoja. Umaarufu wa namna hiyo ni nyumba isiyo mlango. Kila apitaye huingia. Tangu Agosti 1966 walikuwa wameacha kuimba majukwaani, lakini zogo halikuwaacha wao.

Basi wakatamani kisiwa. Lennon ndiye aliyeipenda zaidi fikira hii: wote wanne, na jamaa zao na rafiki zao, wakae pamoja mbali na macho ya watu, na chumba cha kurekodia nyimbo kiwe karibu. Ugiriki ilipendekezwa na Alexis Mardas, kijana wa nchi hiyo, fundi wa televisheni aliyewavuta kwa ahadi za mitambo ya ajabu. Kisiwa kiliitwa Leslo, chenye ekari 80 hivi, fukwe nne na shamba la mizeituni, na bei yake ilikuwa pauni 90,000. Kando yake palikuwa na visiwa vidogo vinne, kana kwamba muumba wa mahali pale alikwisha kuwahesabu wanunuzi. Mkaazi wa kisiwa chochote angaliweza kuwaambia kuwa hakuna mahali ambapo mgeni huonekana upesi zaidi.

Kutaka faragha si kosa. Ajabu ni nchi waliyoiendea. Tarehe 21 Aprili mwaka ule ule makanali walikuwa wametwaa utawala wa Ugiriki kwa vifaru. Maelfu ya watu walikamatwa, na wengi wao walipelekwa visiwani. Yaros, kisiwa kikavu katika bahari ya Aegean, kilijaa wafungwa. Mwezi wa Juni jeshi lilipiga marufuku nyimbo za Mikis Theodorakis, mtunzi mashuhuri kuliko wote wa nchi hiyo. Kuzipiga au kuzisikiliza likawa kosa. Julai, Beatles walipokuwa wakiota jua na kuogelea katika maji ya Ugiriki, Theodorakis alikuwa mafichoni. Alikamatwa mwezi uliofuata. Haielekei kwamba waimbaji wa mapenzi walilisumbukia jambo hili. Uhuru walioutafuta ulikuwa wa kadiri ya ekari zao.

Hata hivyo kizuizi hakikutoka kwa makanali, wala katika dhamiri za wanunuzi. Kilikuwa London. Siku zile sheria ya Uingereza haikumruhusu raia kutoa fedha nje apendavyo. Msafiri wa kawaida aliruhusiwa pauni 50 tu kwa safari zake za mwaka. Aliyetaka ardhi ya ng'ambo alipaswa kuiomba Hazina idhini, kisha anunue dola zilizotengwa kwa shughuli hiyo kwa bei kubwa kuliko ya kawaida. Kwa hiyo watu waliokusudia kuikimbia dunia walianza kwa kujaza karatasi za serikali. Mtumishi wao Alistair Taylor alitumwa kupatana bei, na ombi likapelekwa Hazina, iliyokuwa chini ya James Callaghan. Idhini ikapatikana.

Ilipopatikana, shauku ilikuwa imekwisha kupoa. Mwezi wa Agosti masikio yao yalikuwa kwa Maharishi Mahesh Yogi, mwalimu kutoka India, na tarehe 27 meneja wao, Brian Epstein, akafariki dunia. Leslo hakikutajwa tena. Dola ziliuzwa, na kwa kuwa thamani yake ilikuwa imepanda, zilileta faida. Miaka mingi baadaye Harrison alisimulia kwa mzaha kuwa hiyo ilikuwa karibu biashara pekee iliyowafaidia Beatles. Faida yenyewe aliikadiria kuwa shilingi ishirini hivi.