Shoka la Babu
Mama aliponikabidhi shoka la marehemu babu, nyumbani Songwa, mkoani Shinyanga, chuma kilikuwa kimevaa kutu na mpini umeliwa na mchwa. Nilikisugua kwa mchanga, nikakinoa kwa tupa, makali yakarudi. Lakini shoka lisilo mpini halichanji kuni.

Nilitafuta mkole siku mbili, nisiuone. Tangu miaka ya 1920 watu wa Shinyanga walifyeka vichaka ili kuwaangamiza mbung'o, na babu naye alifyeka kwa shoka hili hili. Kumbe lilikata hata mpini wake wa kesho!

Mjomba alinipa tawi moja katika ngitili yake, yaani malisho yaliyohifadhiwa, desturi ya Wasukuma iliyofufuliwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986. Kwa pupa yangu nililitoboa likali bichi kwa chuma cha moto; likapasuka. Nikarudi kwa mjomba na aibu yangu.

"Mpwa wangu," alisema, "shahada haikaushi mti."

Tawi la pili nililikausha kivulini mpaka likawa tayari, ndipo nikapachika mkia wa shoka. Sasa linachanja kuni, nami nina deni la matawi mawili. Nimekwisha kupanda mikole mitatu.