Nilimwambia Fundi Niko Njombe

Picha niliyomtumia fundi ilikuwa ya plagi, nyeusi tii, imelazwa juu ya khanga ya mke wangu. Khanga niliitandika makusudi, kuficha meza yetu ya jikoni na gazeti la Kiswidi lililokuwa juu yake. Pazia nalo nililishusha, maana nje kulikuwa na theluji ya wiki ya kwanza ya Aprili. Plagi ilivyokaa pale ungeapa iko Njombe. Ndivyo nilivyotaka ionekane.

Naishi Hjulsta, mwisho kabisa wa reli ya bluu ya Stockholm, njia namba 10. Treni ikifika hapa inageuza na kurudi mjini. Imekuwa hivyo tangu kituo kilipofunguliwa mwaka 1975. Magorofa yetu ni ya ule mpango wa Sweden wa kujenga nyumba milioni moja ndani ya miaka 10, kuanzia 1965. Kazi yangu ni usafi wa ofisi kule Kista, na zamu yangu inaanza kabla treni ya kwanza haijaamka. Kwa hiyo nina pikipiki, Yamaha DT125 kuukuu, ile inayochoma oili pamoja na petroli. Waliokulia nyanda za juu wataikumbuka: ndiyo pikipiki ya bwana shamba. Nilipoiona inauzwa huku, moshi wake ulinirudisha utotoni nikasahau hata kubishana bei.

Huku pikipiki zina likizo. Ikifika Oktoba barabara zinaanza kuganda, wanamwaga kokoto na chumvi, na wenye akili wanaegesha. Unaiarifu mamlaka kwamba chombo hakiko barabarani, kodi inasimama, unasubiri Aprili. Mimi niliiegesha nyuma ya jengo, nikaifunika turubai, nikaondoka. Tenki lilikuwa na petroli nusu, na bakuli la kabureta lilikuwa limejaa.

Hilo ndilo kosa la kwanza, na ndilo dogo. Tangu Agosti 2021, petroli ya kawaida ya Sweden, ile ya 95, ina spiriti hadi asilimia 10. Spiriti hunyonya maji kutoka hewani. Petroli yenyewe ikilala miezi, sehemu nyepesi huruka na zile nzito hubaki chini kama utomvu. Mtu makini hufungua ile skrubu ndogo ya chini akamwaga bakuli lote, au hujaza ile petroli maalumu isiyo na spiriti ambayo wenye mashine za kukatia majani huinunua kwa galoni. Kazi ya dakika 10. Sikuifanya.

Aprili pikipiki iliwaka kwa shida, ikatoa moshi mzito, ikawa inakohoa kila nikifungua mafuta, na plagi kila nikiichomoa ni masizi matupu. Fundi wa hapa aliniomba, kwa kuifungua na kuitazama tu, pesa ambayo ningelipia nauli ya mwezi mzima. Nikaingia kwenye kundi la WhatsApp la mafundi na madereva wa bodaboda wa nyanda za juu, nililounganishwa na binamu yangu.

Fundi aliyenijibu alikuwa wa Mafinga. Sijawahi kuuona uso wake. Alikuwa anatuma sauti, anaongea taratibu, nyuma yake redio inasema na mtu anagonga chuma. Hakukimbilia kujibu. Aliuliza maswali matatu: "Mkuu, uko wapi? Pikipiki ilikaa muda gani bila kuwashwa? Na mafuta unaweka ya wapi?"

Kwa swali la kwanza nilimjibu niko Njombe mjini. La pili, nikasema imekaa kama wiki mbili. La tatu, sheli ya kawaida tu.

Nieleze kwa nini, ingawa kueleza si kujitetea. Mwaka mmoja kabla nilitaja Sweden kwenye kundi jingine, la watu tuliosoma pamoja. Usiku uleule mizinga ikaanza: ada ya mtoto, televisheni, mwingine anataka barua ya mwaliko. Niliapa sitataja tena. Hiyo ndiyo sababu ninayoisema mbele za watu. Iko nyingine. Kijijini wanaamini nina gari. Picha ya gari ilikuwepo, ndiyo, nimeliegemea, na sikuwahi kusema ni la jirani. Mtu wa Ulaya anayehangaika na kabureta ya pikipiki ya bwana shamba, akiomba ushauri wa bure Mafinga, sikutaka awe mimi.

Fundi akanifundisha kwa upole, akiamini niko Njombe. Akasema pikipiki nyingi za mtumba zinakuja na jeti za pwani. Huku juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Kila pumzi ya injini ina hewa pungufu kwa karibu sehemu moja kwa tano, lakini jeti inaendelea kumwaga petroli ileile. Mafuta yanazidi, hayaungui yote, plagi inakuwa nyeusi. Akaniambia nisome namba kwenye jeti kubwa. Nikasoma 180. "Shusha hadi 170, halafu sindano ishushe kitundu kimoja. Kwanza lakini isafishe. Ukishindwa, panda basi uje, nitakufanyia bure, we ni mtu wa nyumbani."

Kila neno lilikuwa sahihi, kwa Njombe. Hjulsta iko mita chache tu juu ya bahari, asubuhi ya Aprili nyuzi 3, hewa nzito kama uji. Tena petroli yenye spiriti huhitaji kumwagwa kwa wingi zaidi kidogo ili iungue sawa. Injini yangu ilitaka jeti kubwa, wala si ndogo. Yote hayo nilikuwa nayajua nusunusu. Nilishawahi kuona barometa, nilisoma jiografia. Niliyaweka pembeni kwa sababu kuyataja kungefichua nilipo.

Kwenye kuagiza jeti, 170 haikuwepo. Nikachukua 160. Hilo nalo sikumwambia. Kusafisha sikusafisha, nilifungua bakuli, nikabadilisha jeti kwa bisibisi, nikafunga. Niliona rangi ya kijanikijani pembeni mwa boya, nikaona ni rangi tu.

Pikipiki ikatulia! Silensa ikakaa vizuri, moshi ukapungua, plagi ikawa ya kahawia kama chai. Nikamtumia fundi shukrani nyingi na vile vimikono vilivyoungana. Akajibu, "Pamoja mkuu. Ukipita Mafinga salimia."

Baada ya wiki tatu hivi, Jumapili ya jua, nilitoka na E18 kuelekea magharibi, mafuta nimefungua mpaka mwisho, upepo kifuani, kwa mara ya kwanza tangu msimu uliopita. Nikikaribia Kungsängen injini ikabadilika sauti, ikawa kama inalia, ikapoteza nguvu, halafu gurudumu la nyuma likajifunga. Nilibana klachi kwa woga tu, si kwa ujuzi, nikaserereka hadi pembeni. Malori yalipita yakinitikisa. Kiki haikushuka hata kidogo. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania.

Nikiwa bado nimekaa kwenye ukingo wa barabara, kofia ngumu mkononi, niliandika kwenye kundi, mbele ya watu zaidi ya 200: "Huyu fundi wa Mafinga ameniulia injini. Jihadharini naye." Nikamtaja kwa namba yake.

Watu hawakungoja. Mmoja akasema mafundi wa mtandaoni wote matapeli. Mwingine akasema alimpelekea pikipiki akaona anababaisha. Mpaka leo sijui kama ni kweli au alikuwa anachangamkia tu. Fundi aliuliza maswali mawili: "Uliweka namba ngapi? Plagi ina rangi gani sasa?" Sikumjibu. Jibu la kwanza lilikuwa 160, na la pili lilikuwa nyeupe kama chokaa. Kesho yake asubuhi nikaona ametoka kwenye kundi.

Injini ilifunguliwa na jirani yangu, mzee wa Kisomali aliyekulia Eastleigh, Kiswahili chake ni cha Nairobi na mikono yake ni ya gereji. Alifanyia kazi chini, kwenye maegesho, amekalia kreti la soda. Pistoni ilikuwa na michirizi upande wa njia ya moshi, aluminiamu imepakwa ukutani mwa silinda. Akaiweka kando, akaichukua kabureta. Akapangusa bakuli kwa kidole, akanionyesha mstari wa ule ukijani.

Akanieleza ilivyokuwa. Utomvu wa msimu wa baridi ulikuwa umeshika sindano ya boya, haizibi sawasawa, petroli inapanda kupita kiwango. Ndiyo sababu ya masizi. Jeti ndogo ikaficha ugonjwa, nikadhani nimepona. Halafu petroli mpya, na ileile spiriti yake, ikaosha utomvu taratibu. Sindano ikaanza kuziba vizuri, kiwango kikarudi chini, na jeti ndogo ikabaki peke yake kulisha injini kwenye hewa nzito. Mchanganyiko mkavu huchoma. Akaisogeza jeti kwenye mwanga.

"Hii namba alikuambia nani?"

Nikamwambia, fundi mmoja wa Tanzania.

"Yeye alijua uko Hjulsta?"

Nilinyamaza. Mzee akaniangalia, akarudi kufuta spana zake.

Usiku ule nilirudi kwenye kundi nikaandika yote: Hjulsta, miezi sita, 160, khanga. Kuna walioandika "kha!", kuna aliyecheka, na baada ya saa moja mazungumzo yakahamia kwenye bei ya tairi. Aliyepaswa kusoma hakuwemo. Nilimwandikia kwenye namba yake, tiki ikabaki moja. Nilifikiri kumtumia pesa kwa simu, nikaona aibu: niliogopa kuombwa na watu ambao hawakuwa wameniomba chochote, na huyu ndiye aliyeniambia njoo nikufanyie bure. Nimemwandikia tena mara tatu. Tiki bado ni moja.

Ninaandika hapa kwa sababu gazeti husafiri kwa basi. Kama unapita barabara kuu ya Mafinga na una fundi wa pikipiki anayeongea taratibu, anayeuliza maswali matatu kabla hajagusa spana, redio yake haizimwi, mpe ujumbe. Mwambie jeti ya 170 ilikuwa sahihi kwa Njombe, na mimi sikuwa Njombe.