Kiangazi cha Mikutano

Ijumaa, 28 Juni 2024. Mbarara

Dakta, mwalimu wangu, kaniita tena. "Umeona ratiba?" Nimeiona. Pescara, Italia, 7 hadi 12 Julai, mkutano wa uvutano wa Marcel Grossmann, wa kumi na saba. Kisha Cape Town, 6 hadi 15 Agosti, mkutano mkuu wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia. Kisha Glasgow mwakani. Anaitaja miji kama kondakta anayeita abiria stendi. Nami nacheka, naitikia, natoa daftari, naandika. Kichwani nina neno moja: hati.

Sikumwambia hati yangu ya kusafiria bado haijatoka.

Jumapili, 30 Juni. Nakivale, kambini

Vumbi tupu njia nzima. Nywele, masikio, hata ndani ya begi.

Mama kapika sombe na bugali. Mdogo wangu, mropokaji, kishamsimulia habari za Cape Town. "Huko si ndiko wanakopiga wageni?" Nikamwambia, mama, huu ni mkutano wa wataalamu. "Wataalamu hawapigwi?" Nikala kimya.

Lakini usiku nimelala nikiufikiria mkutano wa Cape Town. Umoja wa Astronomia ulikutana mara ya kwanza Roma mwaka 1922, na hii ndiyo mara ya kwanza wanaleta mkutano wao mkuu Afrika. Miaka 102. Natamani kuwepo, basi. Sina sababu nyingine ya kisomi.

Jumatano, 3 Julai

Sikutoka. Nimesoma ripoti ya kupatwa kwa Jua ya 1919 mpaka simu ikazima. Naijua hadithi, kila mwanafunzi wa fizikia anaijua: mwanaastronomia Eddington kisiwani Príncipe, 29 Mei, anapima kama mwanga wa nyota unapinda ukipita karibu na Jua jinsi Einstein alivyosema. Mawingu, wasiwasi, picha chache zinafaulu, Einstein anakuwa maarufu dunia nzima.

Leo macho yameganda kwenye sentensi ndogo tu. Vyombo vilisafirishwa kwa tramu hadi shamba la kakao la Sundy, ila palikuwa na kipande cha kama kilomita moja kisicho na reli. Hapo kila kitu kilipitishwa msituni na wapagazi wenyeji. Imeishia hapo. Hakuna jina hata moja.

Na "wenyeji" wepi? Mashamba ya kakao ya visiwa vile yalitegemea vibarua, wengi wao wakitolewa Angola kwa mkataba ambao kwa miaka mingi karibu haukumrudisha mtu kwao. Kelele zilikuwa kubwa mpaka watengeneza chokoleti wa Cadbury wakaacha kununua kakao ya huko mwaka 1909. Miaka kumi baadaye Eddington anashuka na masanduku yake.

Kwa hiyo walikuwepo. Mtu alikuwa na lenzi ya darubini mabegani, hajui ni nini, anaogopa tu kuiangusha. Au alijua? Labda aliuliza, akajibiwa. Nataka sana kujua kama kuna aliyewaambia watazame juu siku ile.

Nimekasirika, sijui namkasirikia nani.

Ijumaa, 5 Julai

Mwezi mwandamo. Giza safi, neema ya kambi isiyo na taa nyingi. Watoto wamejaa nyuma ya nyumba, wetu, wa Kirundi, wawili wa Kisomali. Nimewaonyesha mkia wa Nge, kisha kando yake pale Njia ya Maziwa inapovimba. Pale katikati, nikawaambia, lipo shimo jeusi lenye uzito wa Jua milioni 4. Mwanga wake tunaouona umetoka miaka kama 27,000 iliyopita. (Si mwanga wake, ni wa gesi inayolizunguka. Nikajisahihisha, hakuna aliyejali.)

Mdogo wangu: "Yaya, ni kubwa kama ziwa?" Tukapiga hesabu. Kila uzito wa Jua moja unatoa nusu kipenyo cha kilomita 3 hivi. Zidisha kwa milioni 4. Kilomita milioni 12! Dunia yote ikigandamizwa iwe shimo jeusi, milimita 9 tu. Huyu mtoto kapima kwa ukucha wake, kacheka mpaka kakaa chini.

Usiku mzuri. Mzuri kabisa.

Jumatatu, 8 Julai

Pescara wameanza jana. Watabishana tu juu ya kasi ya kutanuka kwa ulimwengu: wanaopima kwa mwanga wa mwanzo kabisa wanapata 67, wanaopima kwa nyota na supanova wanapata 73. Kila upande una hakika. "Kumbe hata wao hawajui," anasema mama, na amefurahi waziwazi.

Jumanne, 23 Julai. Mbarara

Ofisi ya hati: rudi wiki ijayo. Sawa.

Nimemwambia Dakta hatimaye. Akanyamaza, akasafisha miwani. Mwenzangu mwenye pasipoti anakwenda, nimempa swali langu kwenye karatasi. Picha za mashimo meusi, ile ya galaksi ya M87 ya 2019 na hii ya kwetu ya 2022, zilitokana na darubini nane, hakuna hata moja Afrika bara. Ile inayopangwa mlima Gamsberg, Namibia, itaanza lini? Shimo letu ni gumu, gesi inalizunguka kwa dakika tu wakati ile ya M87 inachukua siku. Anayetaka filamu badala ya picha anahitaji macho zaidi, na bara zima limeachwa wazi. Nimemwambia aulize hivyohivyo, asipambe.

Wivu ninao. Mwingi.

Jumanne, 6 Agosti. Mbarara

Cape Town wamefungua. Saa tatu yao ni saa nne yetu. Nimenunua data, nimekaa maktaba, sauti inakatika, picha inaganda, nasikia robo tatu. Ukumbi umejaa. Nimetafuta sura ya mwenzangu, sikuiona. Ameandika mchana: kuna foleni ndefu, lakini swali litaulizwa, kaapa.

Mkutano ujao wa uvutano ni Glasgow, 14 hadi 18 Julai 2025. Ombi la hati nimelipeleka upya leo asubuhi, kabla ya kuingia maktaba.