Kimya cha Lanet

Katika mtaa wa Landless, mjini Thika, kuna kijana ambaye kwa majuma kumi na moja hajathubutu kuizima simu yake. Hulala nayo chini ya mto, huenda nayo bafuni ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na inapolia akakuta ni rafiki anayetaka kuzungumza habari za kandanda, hujibu kwa ukali asioukusudia. Anangoja neno kutoka Chuo cha Kijeshi cha Kenya kilichoko Lanet, Nakuru, mahali wanapofunzwa maafisa kadeti. Aliomba, akateuliwa kwa usaili, akaenda, akapimwa, akahojiwa, kisha akaambiwa arudi nyumbani asubiri. Tangu siku hiyo hajaambiwa lolote.

Wahenga waliacha methali mbili zisizopatana juu ya jambo hili, moja ikidai kwamba subira huvuta heri, nyingine ikionya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mama yake huitaja ya kwanza asubuhi, baba yake huitaja ya pili jioni. Kijana huzisikia zote mbili na hajibu.

Hapa yafaa kueleza jambo ambalo wengi hulichanganya. Jeshi la Kenya huwapokea vijana kupitia milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa makurutu, askari wa kawaida ambao hufunzwa Eldoret. Kurutu mtarajiwa hufika uwanjani alfajiri pamoja na mamia ya wenzake, akakimbizwa, akakaguliwa meno, nyayo na kifua, na jua linapokuchwa huwa ameshajua hatima yake: ama ana barua mkononi, ama anarejea kwao na vumbi miguuni. Ni ukatili, lakini ni ukatili wa siku moja. Mlango wa pili ni wa kadeti, ambaye hutakiwa awe amepata wastani wa B katika mtihani wa KCSE, pamoja na C+ katika Hisabati, Kiingereza na somo moja la sayansi. Huyu hujibiwa polepole. Majina ya walioteuliwa kwa usaili hutangazwa hadharani. Baada ya usaili, wanaofaulu hupata barua ya wito, na wasiofaulu hawapati kitu. Barua ya kumkataa mtu haipo. Aliyekataliwa hulazimika kujitamkia mwenyewe neno lile, na hakuna anayemwambia ni siku gani alitamke.

Katika majuma ya kwanza kijana alikuwa na matumaini makubwa, na hakukosa sababu. Masharti yalimtaka mwanamume awe na urefu usiopungua futi 5 na inchi 3, na uzani usiopungua kilo 54.55. Urefu alikuwa nao na kusaza. Uzani ndio uliomtia wasiwasi. Mwezi mzima kabla ya usaili alikuwa akila githeri na maparachichi asubuhi na jioni, kisha akienda kupanda mizani ya muuza viazi, hata mzee yule akamwambia, "Kijana, magunia yangu yenyewe hayapimwi mara nyingi hivi." Siku ilipowadia alikuwa na kilo 57. Aliyempima aliandika tarakimu hizo bila kuinua macho, akamwita anayefuata.

Usiku hupiga hesabu. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 241, inataka uongozi wa jeshi uakisi maeneo na makabila ya nchi nzima. Ni sharti la haki. Tena nchi ambayo askari wake waliasi mle mle Lanet mwezi Januari 1964, na ambayo wanajeshi wake wa angani walijaribu kuipindua serikali tarehe 1 Agosti 1982, ina kila sababu ya kuchagua maafisa wake kwa makini. Lakini kijana wa Kiambu, kaunti iliyohesabiwa watu 2,417,735 katika sensa ya 2019, huligeuza sharti hilo kuwa swali la mtihani: wangapi wana B kama yake? Wangapi wana A? Wangapi walikuwa na mbio kuliko yeye? Idadi ya nafasi haijui, kwa hiyo hesabu haiwezi kupata jibu, naye huianza upya.

Jina la mtaa wenyewe ni la Kiingereza, na maana yake ni wasio na ardhi. Baba yake, bawabu wa usiku katika ghala moja mjini, hulitamka kwa kicheko, kwani yeye ardhi anayo: kiwanja cha futi 40 kwa 80, alichokilipia kidogo kidogo kwa miaka tisa, chenye vyumba viwili vya mabati na mparachichi mmoja, ule ule uliomnenepesha mwanawe. Na ni kiwanja hicho kilichomleta mgeni katika juma la nane.

Mgeni alikuja jioni, amevaa koti safi na viatu visivyo na vumbi, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia mtu shaka Landless wakati wa kiangazi. Alijua jina la kijana, alijua alikwenda usaili siku gani. Alisema ana mtu wake huko ndani, kwamba orodha haijafungwa, kwamba nafasi moja imebaki wazi na inatafutwa na wengi. Akataja shilingi laki nne. Hakulazimisha. Alisema tu kwamba muda ni mfupi.

Kila msimu wa usajili jeshi hutangaza kwamba nafasi zake haziuzwi, na kila msimu hawakosi vijana wanaofika langoni mwa kambi na barua bandia, sanduku mkononi na wazazi nyuma yao, wakageuka washukiwa papo hapo. Watu huwacheka wakisema ni wajinga. Kicheko hicho si cha haki. Mtu kama yule mwenye koti hana nafasi ya kuuza; huuza jibu, na aliyengoja majuma manane bila jibu huwa tayari kulinunua kwa bei ya nyumba ya baba yake. Biashara hiyo isingalishamiri lau kila aliyefika kwenye usaili angepata mstari mmoja wa maandishi, hata mstari wa kumkataa.

Baba aliinamisha kichwa, akauliza kama malipo yanaweza kufanywa kwa awamu mbili. Kijana alitazama sakafu. Mama ndiye aliyesimama, akachukua daftari analoandikia madeni ya sukuma wiki, akaliweka mbele ya mgeni pamoja na kalamu.

"Mwanangu," alimwambia, kwa kuwa mgeni alikuwa mdogo kwake, "andika hapa jina lako na nambari ya kitambulisho chako, kisha uandike hizo pesa ni za nini. Mimi nitaweka sahihi."

Mgeni alicheka, akasema mambo kama haya hayaandikwi, akaahidi kurudi Ijumaa. Hakurudi. Siku moja baba alijaribu kumpigia simu kwa siri, akaambiwa na ile sauti ya mashine kwamba mteja hapatikani.

Ungedhani kijana angemshukuru mama yake. Kwa siku kadhaa hakumsemesha ila kwa lazima, na chanzo chake kilikuwa kirefu kuliko yule tapeli. Kibanda cha mama kiko kando ya barabara ya Garissa. Thika ni mji wenye kambi ya jeshi, na sare si kitu kigeni machoni pa watu wake, lakini tangu Oktoba 2011, majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia, mama hakuweza tena kuyatazama malori ya kijani yakielekea mashariki bila kuacha alichokuwa akifanya. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya Wakenya ya El Adde ilishambuliwa. Siku zile redio ya kibanda haikuzimwa. Familia zilingoja majina, na idadi kamili ya waliokufa serikali haikuitangaza. Mama hakuwa na mtu wake kule. Mwanawe alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Ila alijifunza jambo moja kuhusu jeshi, kwamba linaponyamaza anayebaki kungoja ni mzazi.

Basi kijana alijiuliza: je, mama alimfukuza mgeni kwa kuwa ni tapeli, au kwa kuwa hakutaka barua ile ije, iwe halali au bandia? Swali hilo hakulitoa kinywani. Pengine mama mwenyewe hakuwa na jibu lake. Mtu anaweza kuomba Mungu amjalie mwanawe jambo fulani, na ndani ya sala hiyo hiyo akawa anaomba lisitokee.

Juma la kumi, chuo kikuu kilimkumbusha. Alikuwa ameitwa kusomea ualimu wa Hisabati na Fizikia, barua ikiwa imekaa kabatini tangu zamani bila kuguswa, na siku ya mwisho ya kujisajili ilikuwa Jumatatu. Alifikiri kuomba aahirishiwe mwaka mmoja. Alikwenda mpaka kwenye duka la intaneti pale Makongeni, akaandika barua ya maombi, akaisoma mara mbili. Kisha akagundua kwamba katika nafasi ya sababu hakuwa na la kuandika. Nangoja jibu ambalo huenda limekwisha kutolewa: nani angeikubali sababu hiyo? Aliifuta, akalipa shilingi 20 za kukaa mbele ya kompyuta, akarudi nyumbani kwa miguu.

Jumatatu alfajiri baba alirejea kutoka lindo, akambebea sanduku mpaka kituo cha matatu. Hawakuzungumza sana. Kijana alimwachia mama maelekezo: simu itakuwa wazi usiku na mchana, lakini darasani huenda asiisikie, kwa hiyo kila Jumanne, siku ambayo matangazo mengi ya serikali hutoka, anunue gazeti, na akiona ukurasa wenye nembo ya jeshi na majina mengi kwa herufi ndogo, atafute lake.

"Na nikiliona?" mama aliuliza.

"Unipigie."

"Na nisipoliona?"

Matatu ilikuwa imekwisha kujaa na utingo alikuwa akigonga bati. Kijana alipanda bila kujibu.

Jumanne mama alifungua kibanda mapema. Kabla ya kupanga nyanya na kufunga mafungu ya sukuma wiki, alivuka barabara, akamlipa muuza magazeti, akaketi juu ya kreti, akavaa miwani. Wateja wawili walisubiri akipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa.