Kuenea Si Kukubaliwa

Mwanafunzi mmoja alidunduliza fedha kwa miezi sita ili aipe kompyuta yake kuukuu prosesa mpya. Ubao mkuu wa kompyuta hiyo ulitengenezwa mwaka 2016, na soketi yake ilikuwa ya pini 1151. Prosesa aliyoitamani, Intel Core i7-8700 ya mwaka 2017, nayo ilitaka soketi ya pini 1151. Alilinganisha hesabu mbili, akaziona sawa, akashika njia ya dukani.

Mwenzake alimzuia kwa swali moja: je, ubao waijua? Kuenea mahali si kukubaliwa mahali hapo. Prosesa ya kizazi cha nane huketi barabara katika soketi ile, walakini kazi za baadhi ya pini zilibadilishwa, na ubao ulioandaliwa kwa ajili yake ni wenye chipu za jamii ya 300.

Basi mwenye kupima hana budi kutazama mambo matatu zaidi ya umbo. Kwanza, jina la prosesa liwemo katika orodha ya mtengenezaji wa ubao. Pili, programu ya BIOS iwe ya toleo linaloitambua, nayo ihuishwe kabla prosesa ya zamani haijang'olewa. Tatu, njia za umeme za ubao ziweze kuilisha wati zake bila ya kupata joto la kupita kiasi.

Mwanafunzi alinunua i7-7700, yenye viini vinne badala ya sita. Tamaa yake ilipungua. Akiba yake ilisalimika, na kompyuta ikawaka.